Siku Mama Alipoambiwa "Amepumzika"

Mjukuu wangu Nambozo,

Sisi hapa Walukuba tu wazima, na babu yako amepata nafuu. Umeniuliza kwa nini somo lenu la Kiingereza huko Mbale linawafundisha tasfida, yaani kusema jambo zito kwa maneno laini.

Nilipokuwa msichana huko Nakaloke, kaka yangu Wamono akiwa jeshini, afande mmoja alikuja nyumbani, akavua kofia.

"Mama, mwanao Wamono amepumzika."

Mama alijua Kiswahili kidogo tu. Akatabasamu. "Asante, afande. Mtoto alikuwa amechoka sana."

Afande akainama. Nikamshika mama mikono, nikamwambia kwa Kigisu kwamba kaka amekufa.

Jifunze maneno laini, mjukuu wangu, maana hupunguza uchungu. Ila ukiyatumia, mtazame usoni unayemwambia, usiondoke kabla hajaelewa.

Nyanya yako anayekuombea.