Cherehani isiyo na pahali

Jumatano, jioni

Eti sheria mpya itatusaidia sisi wafanyabiashara wadogo! Tangu redio iseme serikali inatayarisha sheria ya kukopa benki bila hati ya nyumba, kwamba chombo chako cha kazi kitatosha kuwa dhamana, naota tu mkopo wa kushona sare za shule.

Leo nilivaa viatu vya kanisani nikaenda benki, kule Rohero katikati ya mji. Karani alinisikiliza vizuri. "Mama, sheria bado haijapita, lakini tunaweza kuanza dosie ya mkopo wako. Cherehani yako inakaa wapi?"

Mi nikasema ukweli, mjinga mimi. Mchana inakaa mezani, mbele ya nyumba yangu, mtaani Kinama. Jioni nafungua skrubu za mezani, nafunga kichwa chake, ile mashine yenyewe bila meza, ndani ya kitenge, na bunduki zikianza nakibeba mgongoni nakimbia nacho.

Akafunga dosie. "Apana, mama. Dhamana lazima ikae pahali pamoja."

Pahali gani, bwana? Ningekuwa napo, si ningehamia na watoto?

Nina hasira. Ningeandika zaidi, lakini kule milimani wameanza kupiga risasi, na skrubu moja bado inakataa kufunguka.