Sindano ya Tatu ya Kaka

Shoga, nimetoka wodi ya wagonjwa wa akili sasa hivi. Nimekaa kwenye ngazi za nje.

Kaka wamemchoma tena. Sindano ya usingizi, ya tatu wiki hii. Nauliza kafanya nini, nesi ananijibu, "Alipiga kelele." Kelele gani? "Alikuwa anaongea na mama yenu kwenye simu."

Anaongea kwenye simu!! Si unatujua sisi? Kabila letu hata mtu akiomba chumvi mezani, jirani anasikia.

Sasa sikia. Kitanda cha pili kuna jamaa wa kabila la hao manesi na daktari, ugonjwa huohuo, sauti hizohizo kichwani. Leo kapiga ukuta mpaka ngumi zimevimba. Huyo kavutiwa kiti, daktari kakaa naye saa nzima: "Pole ndugu yangu, nini kinakusumbua?"

Wangu kachomwa. Kisa simu. Ya mama.

Nikashindwa kuvumilia. Nikawaambia, mbona huyu mnazungumza naye, wangu mnamlaza tu kama gogo? Nesi akarudi nyuma hatua mbili, akaita mlinzi. Mlinzi, shoga! Mimi na mkoba wangu na chupa ya maziwa.

Wakati mlinzi anakuja, nikahisi gauni linavutwa. Kaka. Kafumbua jicho moja, ulimi mzito kwa dawa, na yule mtu ambaye sijawahi kumsikia akinong'ona tangu nizaliwe, akaninong'oneza:

"Mdogo wangu, punguza sauti. Watakuchoma na wewe."