Taa Iliyowashwa Alasiri

Neema mjukuu wangu,

Pokea salamu zetu za Nakivale. Shangazi yako amejifungua salama, mtoto wa kike, na maharage yamestawi. Natumaini huko Mbarara masomo yanaenda vizuri.

Umeniuliza kwa nini kila asubuhi namwombea mtu nisiyemjua jina. Nilikuwa msichana kama wewe. Mimi na mama tulikuwa tunavuka Ziwa Tanganyika, alasiri mvua nzito ikatufunika karibu na kisiwa cha mawe kilichokwisha kuvunja boti nyingi. Hatukuona kitu. Mama alinikumbatia, akaanza kuimba wimbo wa kanisa. Mara taa ya kisiwani ikawaka mbele yetu. Nahodha akageuza boti, tukapona.

Mvua ilipokata, tulishuka kisiwani kumshukuru mlinzi wa taa.

“Ulituonaje, baba?” mama akamwuliza.

“Sikuwaona, mama. Huwa ninawasha jioni. Leo niliona giza limekuja mapema, nikasema, pengine kuko mutu.”

Mama alilia, kisha akacheka. Tukala naye samaki wa kuchoma, na kwa furaha ile tukasahau kumwuliza jina.

Mungu akutunze, mwanangu.

Bibi yako