Jina Lako Katika Orodha Yetu

Malaba,
Jumapili, 10 Agosti 2025.

Mpendwa dada Anyait,

Kabla ya salamu, nakusihi: soma barua hii peke yako, na usimwambie mtu neno lolote, hata shemeji, mpaka uwe umeamua.

Hujambo lakini? Natumai baridi ya Nakuru haiuzidishii mguu wako maumivu, na kwamba magongo mapya yanakufaa. Mimi mwili ni mzima. Mama yuko Kocholia, anavuna njugu.

Barua yako niliipata. Uliniuliza kwa nini walikunyima kazi ya maktaba huko baada ya mahojiano kwenda vizuri, wakisema tayari umeajiriwa na serikali huku Busia. Ulidhani ni mtu wa jina kama lako. Ni wewe, dada. Aliyekuandika ni mimi.

Ulipoomba kazi hapa ofisini kwetu ukaambiwa hakuna nafasi, nakala ya kadi yako ya ulemavu ilibaki kwenye faili. Mwaka jana tukatakiwa kuonyesha kwamba wenye ulemavu ni asilimia tano ya wafanyakazi. Walihitajika wanne, tulikuwa na Nabwire anayepokea simu peke yake.

“Mulama naye tumhesabu na hiyo miwani yake?” bosi akauliza, ofisi nzima ikacheka. Kisha akaniita ndani. “Kijana, majina unayo kwenye faili. Jaza. Ni karatasi tu.”

Nikajaza matatu. Lako lilitangulia, kwa sababu tarehe yako ya kuzaliwa niliijua bila kufungua faili. Sikujua kwamba ofisi nyingine huziangalia orodha hizo.

Nilipoomba turekebishe, bosi alinionyesha chini ya ukurasa. “Hii sahihi ni ya nani?” Ni yangu. Mkataba wangu unaisha Desemba, na wa kuurefusha ni yeye.

Sasa wakaguzi wanakuja. Ameniagiza nikuombe uje ukae mezani siku moja, wakuone. Ameshatengeneza hata kibao cha jina lako. Kila asubuhi nakikuta kwenye meza ambayo hukuwahi kuikalia.

Usije. Nimekuwekea humu nakala ya orodha, sahihi yangu ikionekana. Mara mbili nimejaribu kuipeleka mwenyewe kwa wakubwa, nikaishia mlangoni. Wewe ipeleke kwa hao wa maktaba huko Nakuru kabla hawajampa mwingine nafasi yako. Jina langu usilifute.

Nisalimie shemeji Ekwaro na Quinter mdogo. Mungu akutangulie kila uendako.

Ni mimi ndugu yako, nikupendaye ingawa nimekukosea,
Derrick Emong.

Usinipigie simu, bosi hukaa hatua mbili kutoka kwangu. Mpigie Adeke, yule mshonaji wa hapa Malaba, umwambie tu kwamba sare imekutosha. Nitaelewa kwamba umeipeleka. Na siku akikuambia sipiti tena dukani kwake, nitafute Kocholia, shambani kwa mama.