Zamu Aliyoiacha Lucious

Chicago, upande wa Magharibi
Jumapili, baada ya ibada

Mpendwa shemeji Clemon,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na Ozella wako. Mguu unaendeleaje? Natumaini kidonda kimeanza kufunga na kwamba unamsikiliza daktari, maana ubishi wa akina Tubbs naujua, nimeishi nao nyumba moja tangu ujana. Mimi mwili haujambo. Nyumba ndiyo imekuwa kubwa. Asubuhi bado natia bakulini unga wa mkate wa mahindi wa watu wawili, kisha nakumbuka.

Uliniuliza kwenye simu, kwa hasira kidogo, kwa nini tumetoa albamu ya marehemu kaka yako ikiwa na tundu: katika wimbo wa mwisho bendi inapiga, zamu ya harmonika inafika, na harmonika haisikiki. Ukasema watu wa huko Belzoni wanadhani mitambo iliharibika. Simu haikunitosha kukujibu. Nimefundisha darasani maisha yangu yote. Jambo nisipolieleza tangu mwanzo, nahisi nimelificha.

Lucious alitaka albamu moja ya bluzi ya umeme kama mlivyokuwa mkiipiga zamani: watu wote chumba kimoja, ile amplifaya kuukuu yenye kitambaa kilichochanika, maikrofoni imefumbatwa viganjani pamoja na harmonika, na pumzi yake mwenyewe. Tatizo lilikuwa hiyo pumzi. Mapafu yalishakakamaa. Wewe unajua, lakini niache nieleze hata hivyo: nyimbo za kanisani mtu huzipiga zaidi kwa kupuliza nje, bluzi huvutwa ndani. Kupuliza, Lucious aliweza hadi karibu na mwisho. Kuvuta ndiko kulikomtoroka. Siku moja daktari alimsifu kwa alivyopuliza kwenye kile kipimo chake, naye akamwambia, “Daktari, hongera hizo wapelekee kwaya. Mimi nauliza habari ya kuvuta.”

Studio tulikwenda mchana, naye akipumzika kati ya wimbo na wimbo, mrija wa oksijeni puani. Cleotha, mpiga ngoma wake tangu enzi za baa, hakumwonea huruma, na hilo lilimsaidia. Akamuuliza, “Mzee, unapiga au unasinzia?” Lucious akasema anapiga, ila hajisikii, kwa sababu kuna mtu anaangusha masufuria kwenye ngazi. Wakacheka mpaka nikawakemea, maana kicheko nacho kinakula pumzi.

Nyimbo zilitimia, zote kwa pumzi yake, isipokuwa huo wa mwisho. Beti aliziimba vizuri. Zamu yake ilipofika aliinua harmonika, akavuta, na hakuna kilichokuja. Nilikuwa nyuma ya kioo. Niliona mabega yakipanda, yakabaki hukohuko juu. Cleotha na wenzake hawakusimama. Ndiyo desturi yenu, mtu akikwama mnamshikia mzunguko wa wimbo, mkiurudia mpaka arudi. Wakaushika. Ukapita mzima, wakaanza mwingine, polepole, bila yeyote kumtazama mwenzake usoni.

Baadaye kijana wa mitambo alisema anaweza kuchota harmonika ya Lucious kwenye rekodi za zamani akaipachika pale, na hakuna sikio litakalojua. Lucious akamjibu, “Langu litajua, mwanangu.” Bendi wakadhani ni kiburi chake tu. Alipofariki, magazeti yakaandika kwamba ukimya ule ni mzee anaaga dunia. Maneno mazuri, lakini siyo.

Sasa nisikilize, shemeji, maana hili sijamwambia mtu. Rudi kwenye wimbo, pale zamu inapoanza. Chini ya gitaa kuna sauti yake. Wote hudhani anamwita mpiga gitaa. Anasema, “Panda, Mdogo.” Jina hilo alikuita wewe peke yako. Nilimwona akishusha harmonika, akasogea kando ya maikrofoni ya kuimbia, akaielekezea mkono ulio wazi, kama mlivyokuwa mkifanya baa mkimwita mwenzenu ainuke mezani apande jukwaani. Tulipokuwa njiani kurudi nyumbani nilimuuliza. Akasema, “Clem hajawahi kukosa zamu yake. Mwache afike mwenyewe.” Akanikataza nisikwambie angali hai, usije ukakubali kwa kumhurumia mgonjwa.

Najua tangu uokoke hujagusa harmonika. Naye hakukulaumu kamwe, hata akiwa amelewa. Ndani ya boksi hili, pamoja na santuri, nimekuwekea harmonika yake ya A. Wimbo uko kwenye E, ndiyo ile ya kuvuta. Hapo huhitaji mwalimu. Najua pia kwamba nyinyi hamtii mdomo kwenye harmonika ya mwenzenu. Sijaisafisha. Bado inanukia zile pipi zake za mnanaa.

Usinijibu kwa barua. Siku utakayoweza kuketi wima bila maumivu, funga mlango, weka santuri, usikilize mpaka akuite. Ukivuta, ukipuliza, au ukilia tu, Cleotha na wenzake wapo palepale, wanakushikia mzunguko.

Msalimie sana Ozella, na akina mama wa kanisa walionipikia siku zile. Waambie vyombo vyao nimeviosha, nitavileta mwenyewe.

Wako katika majonzi na katika Bwana,
mke wa kaka yako,

Idella Tubbs