Gemu ya Ngamia Niliyoipa Kumi kwa Kumi

Mama Karwitha mpendwa, salaam aleikum.

Tangu Jumapili kuna mlio mmoja haunitoki masikioni, wa kengele ya mbao, ile inayofungwa shingoni mwa ngamia anayetangulia, ko, ko-ko, ko, mlio mkavu usio na mwangwi, na ninausikia nikisahihisha madaftari, nikichuja chai, hata nikiwa nimesimama mbele ya darasa, na kinachonitesa si mlio wenyewe, maana ni mzuri sana, bali ni kwamba ulitoka kwenye kompyuta ya rafiki yangu na dakika chache baada ya kuusikia nikamdanganya. Naomba unisaidie upesi, usisubiri mpaka safu yako itoke gazetini, kwa sababu uongo wangu utatoka hadharani Jumatatu ijayo.

Naitwa Siham, nina miaka ishirini na sita, nilisomea takwimu chuo kikuu na sasa nafundisha hisabati katika shule moja ya upili hapa Isiolo. Sina marafiki wengi. Nilicho nacho ni demo. Kama neno hili ni geni kwako, mtu anayetengeneza gemu ya kompyuta peke yake, ama wawili watatu bila kampuni kubwa nyuma yao, hutoa kipande cha mwanzo kabla gemu haijakamilika, labda nusu saa hivi, ili watu wakijaribu na kusema kinachowashinda na kinachowachosha. Mimi ndiye mjaribu huyo. Kwa miaka mitatu nimejaribu demo za watu wa nchi ambazo sitafika, moja ya mzee anayetengeneza saa, moja ya uyoga unaoimba, moja ambayo kazi yako ni kupanga mizigo kwenye gari moshi tu, na hiyo nililia ilipoisha, na kila nikimaliza naandika ripoti ndefu, hapa mlango haufunguki, hapa maandishi ni madogo, hapa umenichosha, na wananishukuru, wawili wameweka jina langu mwishoni mwa gemu zao. Zikishatoka kamili, mara nyingi hata sizichezi. Napenda kitu kikiwa bado kinaweza kubadilika. Mama huwaambia majirani, "Huyu wangu anasahihisha hata michezo."

Sasa kuna Mutea. Tumesoma naye tangu darasa la nne. Mama yake, Mama Kanana, alikuja kutoka milimani kama wewe, anauza miraa mjini, na Mutea anatengeneza kompyuta katika chumba kilicho nyuma ya duka la mama yake. Kwa miaka miwili amekuwa akiunda gemu yake mwenyewe, ya msichana anayeitwa Maryan anayepeleka ngamia wa familia kutoka Kipsing kutafuta maji wakati wa kiangazi. Sauti zote amerekodi mwenyewe kwa simu. Alifuata ngamia sokoni hadi mchungaji mmoja akamgeukia, "Wewe kijana, unanunua ama unaposa?"

Jumatatu ijayo demo yake inaingia katika wiki ya demo kwenye intaneti, ambapo maelfu ya watu hujaribu gemu zinazokuja, na kila gemu inaruhusiwa kuingia mara moja tu. Kabla ya hapo alituomba watu sita wa hapa tujaribu na tujaze fomu. Mimi nilienda Jumapili mchana, alipotoka kanisani. Akaniwekea kiti, akaketi kando yangu, akaanza kunitazama uso badala ya kutazama skrini. Kengele ikalia. Mama Karwitha, vumbi lilikuwa la rangi ya vumbi la Leparua kabisa, lile jekundu linaloingia mpaka kwenye sukari, na ngamia walitembea kama ngamia, si kama farasi wenye nundu, nikasahau niko kwenye kiti cha plastiki.

Halafu Maryan akafika kisima cha kwanza. Mzee wa kisima akainua mkono na kumwuliza, "Una ngamia wangapi?" Juu ya kundi ikatokea namba kubwa nyeupe, na mchezaji lazima ahesabu ngamia kwa kidole, mmoja mmoja, kwa sauti, na akipatia, watu wote wa kisima wanapiga makofi na ndoo zinashuka. Kila kituo ni hivyo.

Wewe ni mtu wa milimani, labda huoni kosa. Kwetu sisi Waborana hakuna anayemuuliza mtu hivyo. Mifugo haihesabiwi hadharani kwa kidole, watu wanaona ni kuiita hasara ije, na mwenye adabu anauliza tu kama wanyama ni salama, anaambiwa ni salama, basi. Na katika gemu anayeuliza ni mzee wa Kiborana, kisimani, mbele za watu!

Niliona papo hapo. Mutea akasema, "Umenyamaza. Umenyamaza vizuri ama vibaya?"

"Vizuri."

"Na hapo kwa kisima? Hapo ndipo najivunia."

"Pako sawa."

Kwenye fomu nikampa kumi kwa kumi. Palipoandikwa "nini kibadilishwe" nikajaza "hakuna". Mimi, Mama Karwitha, niliyemwandikia mtu wa uyoga kurasa nne.

Nimejiuliza kwa nini. Kwanza ni uso wake. Pili, nimechoka kuwa mtu wa kusahihisha wengine. Lakini sababu nzito ni kwamba nikisema "watu wetu hawafanyi hivyo" nasikia ndani yake yale maneno mengine ya mji huu, nani wa hapa na nani alikuja, maneno yanayofufuka kila uchaguzi na kila malisho yakigombaniwa, na Mutea amezaliwa hapa kama mimi, amekula vumbi hili kama mimi, na sitaki kinywa changu kiwe ndicho cha kumwambia ngamia si wake.

Jumanne nikazidisha. Nyumbani, kwa nakala aliyonipa Mutea, nilimwonyesha demo hiyo kaka wa mama, Jattani, dalali wa ngamia, ambaye sisi tunamwita abuya. Sikumwambia kitu, nikiomba asione. Kengele ilipolia aliacha kutafuna. Maryan alipofika kisimani, abuya akainua kiganja.

"Simamisha. Huyu mzee ni nani?"

"Ni mwenye kisima, abuya."

"Hapana. Huyu ni mwizi, ama ni mtu wa sensa."

Mama alicheka mpaka mtandio ukaanguka. "Mjibu basi, Jattani! Mwambie ni wangapi!"

"Nimwambie yeye? Hata wewe dada yangu sijawahi kukuambia!" Kisha akanigeukia. "Na wewe, miaka minne chuoni unasomea kuhesabu, ukaona hii ni sawa?"

Wao walicheka, mimi sikucheka, kwa sababu watacheka hivyo hivyo kila nyumba kutoka hapa mpaka Moyale, na watamcheka Mutea. Nikimwambia sasa atauliza kwa nini sikusema Jumapili, na siku zilizobaki hazitoshi kurekebisha, kwa hivyo nitakuwa nimemnyang'anya nafasi yake na nimejionyesha kuwa mwongo kwa pigo moja. Nikinyamaza, itatoka hivyo, na yeye akiwa anajivunia. Nimefikiria kumwandikia kwa jina la uongo, kama mjaribu wa nchi za mbali. Anwani ya barua pepe nimeshafungua. Nifanyeje?

Siham, Isiolo.

*

Siham, aleikum salaam.

Funga hiyo anwani kabla hujamaliza kusoma sentensi hii. Umeifunga? Haya, tuendelee.

Kwanza, usiniambie sioni kosa. Mimi mtu wa milimani nilipelekwa kazini upande huo wenu nikiwa msichana, nikafika kwa jirani yangu Molu, nikaona mbuzi wake wamejaa boma, na kwa furaha ya ugeni nikamuuliza wako wangapi. Akanijibu, "Wachache," akaniangalia kwa huruma. Miezi mitatu hakuna aliyeniambia kitu. Kila nyumba nilikaribishwa, nikapewa maziwa, nikaendelea kuuliza wangapi, wangapi, kama karani. Siku moja mke wa Molu akanivuta kando na kuniambia, "Dada, hilo swali liache." Niliona aibu nikataka kuhama. Lakini tangu siku ile nilianza kutumwa dukani, kuachiwa watoto na kugombezwa kama watu wengine wa hapo.

Umenielewa? Unaogopa kwamba ukimrekebisha Mutea utamfanya mgeni. Umeshamfanya mgeni, tangu Jumapili. Mgeni ndiye tunayemwambia mboga ni tamu hata chumvi ikizidi. Wa nyumbani tunamwambia, "Leo umetuua." Yule mtu wa uyoga, ambaye hujui hata sura yake, ulimheshimu kwa kurasa nne. Rafiki yako wa tangu darasa la nne ukampa neno moja, hakuna, tena la uongo. Hapo sikuonei huruma hata kidogo.

Ile hofu yako nzito, hiyo naielewa, na haikuja bure. Lakini sikiliza tofauti. "Hii si yako, iache" ni maneno mabaya. "Hii umeikosea, irekebishe" ni maneno ya mtu anayetaka uendelee. Mutea si mtoto. Atasikia tofauti, mradi usimung'unye maneno.

Sasa fanya hivi. Nenda leo hii, kwa miguu yako, si kwa wasap. Anza na uongo wako, ndipo useme kosa la gemu, kwa sababu ukitanguliza la gemu utajificha nyuma yake. Usimpelekee kichekesho cha mjomba wako. Kinafurahisha, mimi mwenyewe nimecheka mpaka mhariri akaja kuuliza, lakini siku ya kwanza hakimfai. Akikasirika, mwache akasirike, wala usilie ili yeye aanze kukubembeleza. Usimwamulie pia kuhusu Jumatatu. Kuingia ama kutoingia ni uamuzi wake, gemu ni yake, na wewe ulimnyima tu habari za kuamulia. Mrudishie.

Unasema unapenda kitu kikiwa bado kinaweza kubadilika. Basi mpaka Jumatatu bado kinaweza.

Hujaniambia kama unampenda, nami sijauliza. Ila barua ambazo sababu ya kwanza ni uso wa mtu mmoja nimezisoma nyingi katika kazi hii.

Nakutumia jibu hili kwa simu kwa kuwa gazeti likisubiriwa utakuwa umechelewa. Amka, nenda.

Mama Karwitha.

*

Mama Karwitha,

Jibu lako lilinikuta Alhamisi katika chumba cha walimu, na saa kumi nilikuwa mlangoni kwa Mutea. Alikuwa chini ya meza na bisibisi mkononi. Nilianza na uongo wangu, kama ulivyosema, nikiongea na miguu yake. Akatoka taratibu.

"Kwa hivyo Jumapili ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na nikakuuliza, ukaniambia pako sawa?"

"Ndiyo."

"Siham, wewe ni mbaya. Wewe ni mbaya sana."

Alikasirika kweli. Alizunguka chumba akipanga nyaya ambazo hazikuhitaji kupangwa, na mimi nikajifuta macho haraka asije akaona. Mama Kanana akachungulia kutoka dukani. "Ni nini? Mmevunja nini?" Mutea akamweleza. Mama yake akaweka mkono kiunoni.

"Hata mimi najua hiyo! Miaka ishirini nafanya biashara na hao watu, nimuulize mtu ngamia wake?"

"Na mbona hukuniambia, mama?"

"Ulinionyesha lini? Si ulisema mambo ya kompyuta sitaelewa?"

Hapo Mutea akakaa. Akacheka, kicheko cha kushindwa, lakini kicheko. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Sasa kama hahesabu, anajuaje mmoja amepotea?"

Nikamwambia anatazama tu. Kila mmoja ana uso wake, rangi yake, mwendo wake, na asipokuwepo unaona pengo kabla hujafikiri. Mutea akaigeukia skrini.

"Kwa hivyo mchezaji asipewe namba."

"Asipewe."

"Awajue."

"Awajue mmoja mmoja."

"Lakini ngamia wangu wote ni picha moja, nimeirudia tu."

"Najua. Hata hilo niliona."

Akanirushia kitambaa cha kufutia skrini. Ijumaa asubuhi aliiondoa demo katika wiki ya Jumatatu, mwenyewe, na waandaaji wamemjibu kwamba kwa kuwa hakuingia, nafasi yake haijatumika, anaweza kuomba wiki nyingine baada ya miezi minne. Hakuna ahadi kwamba atakubaliwa. Jumamosi abuya alitupeleka malishoni, akatutajia ngamia wake kwa majina na tabia, na Mutea akaandika mpaka kalamu ikaisha wino.

Na mimi nimefanya langu. Fomu ya kwanza nimemwomba aifute, na jina langu nimelitoa katika orodha ya wajaribu, kwa sababu ngamia wapya wa gemu nawachora mimi, na anayechora hawezi kujipa alama. Nilichora shuleni, sikuwahi kumwambia mtu. Jana nilimaliza jike mzee mwenye kope ndefu, anayetembea kama amechelewa mahali. Leo asubuhi, kabla ya shule, nimeanza ndama wake.

Siham.