Pampu Iliyowashwa Kavu

Tononoka, Mombasa

Shangazi Rosebella,

Shikamoo. Sisi hatujambo, na mama amepona kikohozi.

Jumamosi nilimpelekea baba chakula kiwandani Shimanzi. Alikuwa ameshapaka beringi grisi na kufunga sili mpya ya kuzuia pampu isivuje, huku tajiri wake, Bwana Gaffar, akimsemesha. Niliona amesahau kuijaza pampu maji, nami najua sili ikizunguka kavu huungua. Lakini kumkosoa baba mbele ya tajiri huyo niliona si adabu, nikanyamaza. Akawasha. Sili ikaungua, akaambiwa asirudi.

Nimekuwa nikiona haya hata kula naye. Jana nilimwambia kwamba niliona.

"Hata kunikanyaga mguu ili nishtuke, mama?" akaniuliza, kisha akacheka.

Kesho anakwenda kuomba arudishwe kazini. Amesema twende sote, nivae viatu vya shule.

Utuombee.

Binti yako,
Mwikali